Apolo Kivebulaya: mtumishi aliyerudi darasani katika kila hatua

Somo la kusoma pamoja: Matendo ya Mitume 18:24-28

Kila mwaka tarehe 30 Mei, ndugu zetu Waanglikana humkumbuka mtumishi mmoja aliyelala katika Bwana mwaka 1933 huko Boga, katika Ituri. Anaitwa Apolo Kivebulaya. Ninyi wa makanisa ya mashariki mmelisikia jina hilo tangu shule ya Jumapili, na baadhi yenu mna wazee waliobatizwa na watu aliowafundisha yeye. Huku kwetu Lubumbashi wengi wanalijua kidogo tu. Tumeona ni vema kusimulia maisha yake kwa utaratibu. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya dhehebu lake, bali kwa ajili ya swali ambalo watumishi na washirika wanatuuliza mara nyingi: kiongozi wa kanisa anakua kwa njia gani? Je, ni kwa miaka, kwa diploma, kwa cheo, au kwa kitu kingine?

Tuanze na Apolo wa kwanza, yule wa Maandiko. Alikuwa mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, mwenye bidii katika roho. Alipofika Efeso alikuwa tayari anahubiri hadharani. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na mumewe Akila, watu wa kazi ya mikono waliotengeneza mahema, walimsikiliza, kisha wakamchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mhubiri mwenye sifa alikaa chini akafundishwa na mafundi wa mahema. Baada ya hapo alivuka kwenda Akaya, akawa msaada mkubwa kwa waamini. Jina la huyo ndilo alilopewa mtumishi tunayemsimulia siku alipobatizwa, na maisha yake yote yalifuata njia hiyo hiyo.

Waswa, kijana wa Buganda

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akiwa mmoja wa mapacha. Kwa desturi ya Waganda, pacha wa kwanza wa kiume huitwa Waswa, na hilo likawa jina lake. Masimulizi yanasema kwamba akiwa kijana alikaa kwa mganga ili ajifunze kazi hiyo, akaona jinsi watu walivyodanganywa, naye akaiacha. Huo ulikuwa mwanzo wa kutafuta kwake.

Alifika karibu na mji mkuu wa Kabaka katika miaka ya misukosuko. Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wamefundisha Uislamu. Wamisionari Waprotestanti walikuwa wamefika mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Waswa alijifunza kwanza kwa Waislamu. Pia alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa fundi na mwalimu. Tangu mwaka 1888 vita vya dini vilipoingia Buganda, Waswa naye alishika silaha, kwanza upande wa Waislamu, baadaye upande wa Wakristo. Mwaka 1891 alikwenda magharibi pamoja na msafara wa Kapteni Lugard, akaona kwa mara ya kwanza nchi ya Toro na milima ya Ruwenzori.

Hayo hayakuwa maisha matakatifu. Alikuwa askari kati ya maaskari, na inasimuliwa kwamba alivuta bangi kama wenzake. Tunalisema hili kwa sababu watu wengine hufikiri mtumishi mkubwa huzaliwa akiwa tayari. Apolo alikuwa amekaribia miaka 30 bila kuwa na kazi inayoeleweka wala imani iliyosimama.

Msomaji

Katika Buganda ya siku zile, kuwa Mkristo kuliitwa kusoma, na waamini waliitwa wasomaji. Hakuna aliyebatizwa kwa kuinua mkono tu. Mtu alipaswa kuijua herufi na kusoma Injili kwa macho yake mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1893 uamsho mkubwa ulianza katika kanisa la Waprotestanti, na mmisionari George Pilkington alikuwa mmoja wa watu wake. Nyumba ndogo za kusomea zilijengwa vijijini, na vijana wengi walijitoa kwenda kufundisha majimbo ya mbali.

Waswa alikuwa mmoja wao. Alisoma, akabatizwa mwanzoni mwa mwaka 1895, akawa Apolo. Jina la pili alilipata kwa watu. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi lililotoka Ulaya, akapenda kulivaa pamoja na kanzu yake. Watu wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Kwa hiyo alibeba majina mawili maisha yake yote: moja la mhubiri aliyekubali kufundishwa, na lingine la utani, la mtu mwenye koti.

Alikuwa ameoa, lakini mke wake alikufa, naye hakuoa tena. Mwaka huo huo wa 1895 aliomba kutumwa, akapelekwa Toro. Hakuwa amepita chuo cha theolojia. Alijua kusoma, alijua Injili, na alijua kujenga. Kwa wakati ule hiyo ilitosha kuanza, na yeye aliielewa kama kuanza tu.

Boga: jembe kabla ya mimbari

Ng'ambo ya Ruwenzori, ukishuka hadi bonde la Semliki, ukavuka mto na kupanda tena, unafika Boga. Chifu wa huko aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia, lakini hawakudumu. Chifu hakutaka mafundisho yanayokataza ulevi na wake wengi, na watu waliposita kuwapa chakula, walimu hao walishindwa wakarudi.

Apolo alifika huko mwaka 1896. Hapa tunaona somo lake la kwanza la uongozi. Aliangalia kilichowashinda waliomtangulia, akabadili mwendo. Hakungojea kulishwa. Alichukua jembe akalima, akajenga nyumba yake, akaanza nyumba ya kusomea kwa miti na matete. Katika mawazo ya wengi wakati ule, mwalimu aliyetoka Buganda alikuwa mtu wa heshima anayepaswa kuhudumiwa. Mwalimu mwenye udongo mikononi lilikuwa jambo geni. Watoto walikuja kwanza, kisha vijana, wakasoma herufi kwenye mbao na vitabu vichache alivyobeba mlimani.

Chifu alikasirika. Apolo alipigwa vibaya na nyumba yake ikachomwa. Hakuondoka. Aliendelea kujenga.

Mkuki na kifungo

Kisha ukatokea msiba ambao haukuwa wa kupangwa na mtu. Katika kazi ya kujenga, Apolo alikuwa ameacha mkuki wake kwenye nyasi ndefu. Dada yake Tabaro aliuangukia mkuki huo, akafa. Chifu alimshtaki mwalimu kwamba ameua. Apolo alifungwa, akapelekwa Toro akiwa mfungwa, njia ile ile ya bonde na mlima aliyokuja nayo akiwa mhubiri.

Tuutazame wakati huo vizuri. Alikuwa mtumishi wa miaka michache tu. Kundi lake lilikuwa dogo na changa. Mwanamke amekufa kweli, na mkuki ulikuwa wa kwake kweli. Hakuweza kusema hakuhusika hata kidogo, ingawa hakuwa na nia mbaya. Watu wengi wanaacha huduma kwa mambo madogo kuliko hayo.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika kifungo hicho, usiku, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope kwa sababu yupo pamoja naye. Tangu hapo hakuitilia shaka kazi yake. Mashtaka hayakuthibitika, akaachiliwa. Naye Tabaro, aliyemwinda, mwishoni akawa yeye mwenyewe mwamini.

Hatutaki kugeuza maono hayo kuwa kanuni kwa kila mtu. Mungu hasemi na wote kwa namna moja. Tunaona tu kwamba shule ya pili ya Apolo, baada ya ile ya herufi, ilikuwa jela. Katika ya kwanza alipata neno la kuhubiri. Katika ya pili alijua kwamba kazi si yake, na kwamba hata akiondolewa, mwenye kazi yupo.

Miaka ya Toro

Sehemu inayofuata husimuliwa kwa haraka, kwa sababu haina mikuki wala moto. Lakini kwa watumishi wengi ndiyo yenye faida zaidi. Apolo alikaa Toro kwa miaka mingi. Mwaka 1900 aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 kasisi. Sasa alikuwa na haki ya kubatiza na kuongoza Meza ya Bwana. Alitembelea makanisa ya vijijini, alifundisha walimu wadogo, alipatanisha watu, alisimamia ujenzi, alihesabu michango.

Wapo wanaokua vizuri katika hatari lakini wanashindwa na kazi ya kila siku. Kuamka, kutembea, kusikiliza kesi ile ile ya mipaka ya shamba, kumfundisha tena mwalimu aliyesahau, kurudi, na kesho tena: huo ni mtihani mwingine. Apolo aliupita bila kupiga kelele. Alijifunza pia lugha ya Toro na kuitumia, ingawa kanisa la mwanzo lilikuja na vitabu vya Kiganda na Waganda wengi waliona lugha yao ndiyo lugha ya dini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Maandiko yalianza kutoka katika lugha ya Wanyoro na Watoro, na walimu kama yeye ndio waliozoeza watu kuyasoma.

Nyumbani kwake alilea watoto wengi wasio wake. Hakuwa na mali ya kuonyesha. Mshahara mdogo uliokuja uliondoka kwa wenye shida.

Kurudi Boga akiwa na miaka hamsini

Katika miaka hiyo wakubwa wa Ulaya waligawa mpaka. Boga, ambayo kwa lugha na ukoo ilikuwa karibu na Toro, ilibaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Serikali ilikuwa nyingine, lugha ya ofisi nyingine, na Waprotestanti hawakuwa wapendwa wa serikali hiyo.

Yapata mwaka 1915, Apolo alirudi Boga ili akae. Alikuwa na miaka kama 50. Kwa hesabu ya kibinadamu alikuwa anashuka. Toro alikuwa kasisi anayejulikana, karibu na maaskofu na wafalme. Boga alikwenda kuwa mgeni, raia wa nchi nyingine, chini ya watawala wasiomjua, katika kanisa dogo lililo mbali na kila kitu.

Hapa ndipo watu wengi wa umri wetu tunakwama. Tukishafika mahali panapoheshimika, tunaanza kupalinda. Apolo aliondoka akiwa na nguvu bado, wakati kubaki kungekuwa rahisi na hakuna ambaye angemlaumu. Alianza tena kujenga kwa mikono, kufundisha herufi, kutafuta walimu. Alituma vijana wa Boga wenyewe kwenda kufungua nyumba za kusomea katika makabila ya jirani. Hakutaka kila kitu kipite mikononi mwake, na hilo lilionekana wazi baada ya kifo chake.

Msitu

Mwaka 1921, akiwa karibu na miaka 60, alianza kazi ambayo leo ndiyo inayokumbukwa zaidi. Karibu na Boga ndipo unapoanza msitu mkubwa wa Ituri, na ndani yake waliishi Wambuti. Majirani waliwadharau. Wengine walisema hawafundishiki, na wengine walijiuliza kama hao ni watu kamili. Apolo alisimulia kwamba aliitwa kwenda kwao kwa ndoto.

Alikwenda, na kila alichokuwa amezoea hakikumsaidia. Alijua kujenga kanisa kijijini, lakini Wambuti walikuwa wanahama. Leo kambi iko hapa, baada ya majuma machache haipo. Alijua lugha kadhaa, lakini si hiyo. Alikuwa mwalimu wa walimu, lakini katika kambi ile mtoto mdogo alijua zaidi yake: njia, miti, wanyama, majina ya vitu.

Basi alifuata kambi. Alikaa nao, akasikiliza, akauliza, akajifunza maneno moja moja. Kutokana na juhudi hiyo ilipatikana Injili ya Marko katika lugha yao. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mzee mwenye vyeo, ambaye mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, alikaa chini msituni akisahihishwa matamshi na watu ambao wengine waliwaona si kitu. Cheo kilikuwa Kampala, naye alikuwa Ituri akijifunza kutaja jina la mti. Kabla hajafa aliona Wambuti wa kwanza wakibatizwa.

Hatusemi kwamba alikuwa bila mapungufu. Alikuwa mtu wa wakati wake. Injili ilifika Boga imevaa mavazi ya Buganda na Toro, na kwa muda mrefu lugha ya ibada ilibaki ya Toro. Jambo hilo liliwafanya watu wa makabila mengine kuliona kanisa kama mali ya watu fulani, na waliokuja baada yake walipaswa kulishughulikia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaonyesha njia ya kulitatua: kujifunza lugha ya yule unayempelekea Neno.

Kaburi linaloelekea magharibi

Mwaka 1933 afya yake ilikuwa imekwisha. Alitaka kufia Boga, na ndivyo ilivyokuwa, tarehe 30 Mei. Aliacha agizo moja ambalo watu hawakulielewa mara moja. Desturi ya kwao ilikuwa maiti kulazwa kichwa kikielekea nyumbani, na kwake nyumbani ni Buganda, upande wa mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu na Kongo yote iliyobaki. Alitaka kaburi lake liwaambie waliobaki kwamba kazi haijaisha na inaelekea huko.

Kwa miaka mingi kanisa lake lilibaki dogo, karibu na Boga tu. Lakini walimu aliowalea walikuwepo. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 wanafunzi wao na watoto wao walihama kutafuta kazi, shule na usalama, wakabeba imani hadi miji mingine. Mwaka 1972 iliundwa dayosisi ya Boga. Mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu walikuwa jimbo kamili, na askofu mkuu wao wa kwanza, Njojo, alikuwa askofu wa Boga. Kijiji ambacho mwalimu mmoja alikilimia kwa jembe kilitoa kiongozi wa kanisa zima.

Boga hiyo hiyo imelia sana. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache baada ya siku ya kumkumbuka Apolo, washambuliaji waliua watu zaidi ya 50 huko Boga na Tchabi, wengi wao wakimbizi wa ndani. Hatuwezi kuandika juu ya kaburi lile bila kuwataja hao na bila kuomba kwa ajili ya wachungaji waliobaki na kondoo wao, na wale wanaoongoza ibada leo katika kambi, chini ya hema za plastiki. Kwenu ninyi, swali la kiongozi anakuaje si la semina. Mnajifunza upya kila siku namna ya kuchunga watu waliopoteza kila kitu, na hakuna kitabu kilichowaandaa.

Tunayojifunza

Kasapa tunapotumikia kuna chuo kikuu, na kuna pia gereza kubwa la jiji. Asubuhi barabara inajaa wanafunzi wenye madaftari, na barabara hiyo hiyo inabeba mama wanaopeleka chakula kwa wafungwa. Vijana wetu wanaomba Mungu awape kufaulu katika chuo, na ni ombi jema. Lakini maisha ya Apolo yanatukumbusha kwamba Mungu ana madarasa mengi, na mengine hatungeyachagua. Tuyataje kwa hatua tatu, kila mtu ajiangalie katika hatua yake.

Kwanza, ninyi mnaoanza. Mmemaliza shule ya Biblia au fakulte ya theolojia, mnangoja kupangiwa. Msidharau mahali padogo. Apolo alipewa Boga baada ya wengine kushindwa, na hakuiona kama adhabu. Lakini msiende pia bila kuuliza kwa nini waliotangulia walishindwa. Yeye aliuliza, akachukua jembe. Pengine kwenu jembe ni kujifunza kutunza hesabu za kanisa, au kutembelea wagonjwa, au kufanya kazi ya mikono ili msiwalemee maskini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, sisi tulio katikati, wenye miaka 40 na 50. Hatari yetu si mateso, ni mazoea. Tunajua kuhubiri bila kujiandaa. Tunajua kuendesha mkutano. Vijana wanatuita baba, na taratibu tunaacha kusoma, tunaacha kuuliza, tunaacha kusahihishwa. Kila mmoja wetu anaweza kujichunguza kwa jambo moja: ni nani anayenifundisha leo? Kama hakuna jina linalokuja, kuna shida. Prisila alimfundisha Apolo wa kwanza. Wambuti walimfundisha wa pili. Huenda mwalimu wako ni katibu kijana anayejua kompyuta, au mama wa chama cha wamama aliyekaa na wajane kwa miaka 20, au mchungaji wa kabila lingine ambaye hujawahi kumkaribisha nyumbani.

Tatu, wazee wetu wapendwa. Tunawaheshimu, na bila ninyi hatungekuwepo. Apolo aliwaandaa wengine wakati bado ana nguvu, akawaachia kazi mikononi wakiwa hai pamoja naye, si siku ya mazishi. Alipokufa hapakuwa na vita ya kiti, kwa sababu kiti hakikuwa kitu alichokalia. Makanisa yetu mengi yamegawanyika katika kipindi hicho cha kupokezana, na ninyi mnajua majeraha yake kuliko sisi. Mzee anayemweka kijana mbele, akakaa naye, akamwonya kwa upole, bado anafundisha. Na mzee anayekubali kujifunza jambo jipya kwa kijana huyo anamfundisha zaidi ya hotuba nyingi.

Tunapendekeza kwamba Siku ya Mungu moja katika mwezi wa tano, kila kanisa lisome sura ile ya Matendo pamoja na kusimulia habari hizi kwa watoto na vijana. Baada ya ibada, watumishi wabaki kidogo, kila mmoja aseme jambo moja analotaka kujifunza mwaka huu na mtu atakayemwomba amfundishe. Yaandikwe katika daftari la kanisa. Mwaka unaofuata lifunguliwe tena mbele ya wote.

Bwana awalinde ninyi nyote wa mashariki, awape wachungaji wanaokubali kufundishwa, na awape amani Boga na vijiji vyote vilivyo ukingoni mwa msitu. Amina.